Mabawa Marefu ya Bwana Makungu

Bwana Makungu, mwenye shamba, alikuwa na huruma mno: kila Siwema aliponasa kwale wawili shambani mwake, alichukua mkubwa, ili watoto wanne wa Siwema wasivimbiwe.

Safari hii Siwema alileta vikapu viwili vilivyofunikwa, akavitua mbele ya majirani.

"Leo chagua mwenyewe, bwana. Huyu ana mabawa mafupi, yule marefu kama mkono wangu."

"Jambo hilo la kuuliza? Marefu!"

"Na huyu mwingine humrudii?"

"Siwema, mimi si mwizi. Nenda na kadogo kako."

Siwema alikuwa ameshamshika kwale wake mkononi wakati Bwana Makungu alipofunua kikapu. Popo alikuwa amening'inia kwenye kifuniko.

"Siwema! Huyu haliwi!"

"Pole, bwana. Lakini mabawa si unayaona?"