Sauti ya Chini ya Meza

Katika mji wa Ancud ilikuwa vigumu kumpata mtu mzima ambaye hakufundishwa kusoma na Mwalimu Eduvigis Barría. Kwa miaka thelathini na minne alishika chaki, na hakuna kosa lililompita. Watu walimwamkia kwa adabu njiani, na wengine, wenye mvi sasa, bado walificha mikono mfukoni wakimwona.

Kwa hiyo alipoambiwa kwamba mjukuu wake Rayén, mtoto wa miaka minane, asipoweza kusoma kwa sauti katika mtihani wa Desemba atarudia darasa, alihisi kama amevuliwa nguo sokoni. Kila jioni alimketisha kando ya jiko la kuni na kitabu mbele yao. Rayén alipofungua kinywa tu, bibi alikuwa ameshasahihisha.

"Si hivyo. Rudia. Rudia tena."

Wiki zilivyopita, sauti ya mtoto ilififia hadi ikapotea kabisa. Alijifunga kama chaza.

Shuleni wakamshauri ampeleke maktaba siku za Jumatano. Huko Nelson Oyarzo, mpeleka barua mstaafu, alikuwa akimleta Luche, mbwa mzee mweusi aliyefunzwa kutulia huku watoto wakimsomea.

"Na huyo mbwa anajua herufi ngapi?" Eduvigis aliuliza kwa kejeli.

"Hata moja, mwalimu," Nelson akajibu. "Ndiyo maana hasahihishi mtu."

Neno hilo lilimchoma, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamwacha mtoto hapo. Luche akaingia chini ya meza kubwa, naye Rayén akamfuata na kitabu chake.

Jumatano ya nne Eduvigis alifika mapema kumchukua, na akiwa nyuma ya rafu akasikia sauti. Ilikuwa ya Rayén. Ilikwama, ikarudi nyuma, ikajirekebisha yenyewe, ikasonga mbele. Bibi akavuta kiti hadi mezani. Sauti ikakatika kama uzi.

"Endelea, mjukuu wangu."

Mbwa tu ndiye aliyesikika akihema.

"Hataendelea ukiwa huko juu," Nelson akamnong'oneza.

"Nina miaka sabini na moja, Nelson. Magoti haya yameota kutu."

"Mimi ulinipigisha magoti darasa la pili kwa herufi moja, mwalimu. Sakafu haiui."

Eduvigis alivua koti, akashika ukingo wa meza, akashusha goti moja, kisha la pili. Kina mama wawili, wanafunzi wake wa zamani, walibaki kumkodolea macho mwalimu wao akitambaa. Akalala ubavu karibu na mbwa aliyenuka mvua.

Rayén alimtazama kwa mashaka. "Bibi, utanisahihisha?"

"Sitasema neno."

"Hata nikikosea?"

"Hata ukikosea."

Mtoto akasoma. Mstari wa pili akakosea. Ulimi ulimwasha bibi kama aliyetafuna pilipili. Akaung'ata, akakamata manyoya ya Luche. Rayén akanyamaza, akalikazia neno macho, kisha akalitamka sawasawa. Ukurasa ukaisha, akafungua mwingine. Eduvigis akawakumbuka watoto wengi ambao hakuwahi kuwapa nafasi hiyo ndogo ya kurudi wenyewe, na machozi yakamtoka.

"Bibi, mbona unalia?"

"Sakafu ina baridi. Soma, mama."

Tangu siku hiyo, hata nyumbani walisoma wakiwa wamelala juu ya ngozi ya kondoo mbele ya jiko, bibi akiwa kimya. Haikuwa rahisi. Mara mbili ulimi ulimponyoka, na mara zote mbili aliomba radhi. Desemba ilipofika, Rayén alisoma mbele ya walimu watatu. Alisoma polepole, akakosea mahali pawili, akarudi pawili, akafika mwisho. Akapandishwa darasa.

Mwalimu Eduvigis aliwafundisha watu wa mji mzima akiwa amesimama wima, lakini sauti ya mjukuu wake aliipata kwa kutambaa sakafuni. Hakika, ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.