Wimbo Uliofungiwa Karanga

Soma polepole, kisha mpitishie mwenzako.

Zamani kidogo, Kaetano aliondoka kwao Goa, akavuka bahari, akapanda treni hadi Tabora, akafungua duka la kuchapa nyimbo. Aliwasikiliza waimbaji wa mji, akaandika maneno yao, akachapa: kila wimbo na karatasi yake.

Watu wakaingia, wakatazama, wakamsifu, wakatoka mikono mitupu. Kila alipofagia duka, Kaetano alimkumbuka kaka yake aliyemwambia bandarini, "Nenda tu. Kiti chako cha ukarani dukani kwangu hakikaliwi na mtu." Akajiapiza kwamba mvua zikianza kabla nyimbo hazijauzika, atarudi akakikalie.

Mvua zilipokaribia, karatasi zikaanza kuondoka. Kila asubuhi alikuja kijana yuleyule, akanunua furushi zima. Kaetano hakuuliza linakwenda wapi. Akanunua kofia mpya, akatoka kwenda kuusikia mji ukiimba.

Stesheni akamkuta Bi Nyamizi, muuza karanga. Mbele yake zilipangwa nyimbo za Kaetano, zimekatwa nusu nusu, zimeviringishwa na kujazwa karanga.

"Mama! Unajua hiki ni nini?"

"Karanga, baba. Onja, bado zina moto."

"Ni wimbo! Nimeuchapa kwa mikono yangu!"

"Kumbe ndiye wewe unayemuuzia kijana wangu! Mungu akuweke. Gazeti huchafua karanga, lakini karatasi yako safi kama sahani."

Kaetano akavua kofia. "Basi nimekwisha. Kesho napanda treni, narudi kwa kaka."

Kabla Bi Nyamizi hajajibu, fundi wa reli akampiga Kaetano kikumbo. "Dada, nipe nyingine! Jana nimeishia pale bibi harusi anakataa kushuka kwenye punda. Sijalala. Alishuka, hakushuka?"

"Nitajuaje? Mimi hukata katikati, nikafunga. Ni bahati yako."

"Basi nipe nne!"

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Wawili walikuwa wakigombania nusu moja. Mwanamke mmoja aliimba mwanzo wa wimbo, huku akiwauliza wapita njia kama wana mwisho wake.

Kaetano akanong'ona, "Mji huu unapenda karanga kiasi hiki?"

"Karanga?" Bi Nyamizi akacheka, akamwonyesha mzee aliyekuwa akikunjua karatasi. "Babu Kasanda yule hana hata jino moja. Na hununua kila siku."

Babu Kasanda akasoma hadi mwisho, akajipiga paja. Kisha akamgeukia Kaetano, akammiminia karanga zote ndani ya kofia.

"Kula wewe mwenye meno. Punda kachoka, kaketi chini, bibi harusi kashuka mwenyewe!"

"Babu!" fundi akalia. "Si ungeniacha nikasome!"

Mvua zilimkuta Kaetano dukani kwake, mkasi mkononi, akizikata nyimbo mwenyewe, palepale penye utamu.

Funzo: Ukiwapelekea watu kazi yako, usiwapangie namna ya kuipenda. Tazama kwanza wanavyoipokea, huenda wameshakupenda na wewe hujajua.