Kivuli Kilichobaki kwa Mama

Haya, sogeeni karibu, mnitegee masikio.

Shomari na Mwanakombo walipoachana, mfalme aliamua binti yao, Zamzam, akae kwa baba, ng'ambo ya mto. Zamzam akavukishwa, lakini kivuli chake kikakataa kuvuka, kikabaki uani kwa mama.

Mtoto akaanza kudhoofika. Akipikiwa, hali. Akichezewa, hacheki. Akilazwa, halali.

Shomari, roho ikimuuma, akaliendea zimwi lililokaa mtoni, akaliomba limletee kivuli cha mwanawe.

"Kivuli nitakuletea," zimwi likasema, "ila binti atamsahau mama yake kabisa."

"Basi sikitaki," Shomari akajibu, akaenda moja kwa moja kwa mfalme.

"Bwana wangu, naomba ubadilishe hukumu. Mtoto akae kwa mama yake, mimi nitakuwa nakwenda kumwona."

"Lakini wewe ndiye uliyeshinda. Watu watakucheka."

"Wacheke, mwanangu apone."

Mfalme akakubali. Shomari akambeba Zamzam mgongoni, akavuka naye. Alipomtua uani, kivuli kikaja mbio kikamshika miguu, na mtoto akaomba uji.

Mwanakombo akamimina vikombe viwili. "Karibu, Baba Zamzam," akasema, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa walipokuwa mume na mke.

Ngano yangu imelala hapo; nanyi kalaleni.