Amina Mia na Themanini na Saba

Hii ikikufikia, usiitikie chochote kabla hujafika mstari wa mwisho. Ukifika utajua kwa nini.

Palikuwa na mtaa pembeni mwa jiji, ukiitwa Mapingoni. Nyumba sitini, barabara moja ya vumbi, na katikati uwanja wenye kisima cha zamani. Enzi hizo ua ulikuwa wa minyaa, na kila ua ulikuwa na upenyo wake. Mtu alipenya na kijinga cha moto mkononi akitoka jikoni kwa jirani, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini.

Mjumbe wao alikuwa Bi Tunu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Mumewe, Mbelwa, ndiye aliyeongoza kuchimba kile kisima. Walipokuwa wanakijengea ukingo wa saruji, Mbelwa alikanyaga saruji mbichi kwa bahati mbaya. Wenzake wakamkataza kufuta. Unyayo ukabaki pale, hata mwenyewe alipoondoka duniani.

Enzi hizo habari ya mtaa haikutumwa, ilitembea. Bi Tunu aliifupisha kwa maneno machache, akaifikisha nyumba ya kwanza. Ya kwanza ikaipeleka ya pili, ya pili ikaipeleka ya tatu, mpaka ya sitini. Na kila mlangoni, aliyeileta hakuondoka kabla hajauliza: "Umesikia nini?" Ukishindwa kuisema, unaambiwa upya. Mtu wa nyumba ya sitini alikuwa na kazi moja zaidi. Alikuja kwa miguu yake mpaka kwa mjumbe, akasimama mlangoni, akaisema habari ile ile. Huko waliuita kurudisha habari. Ikirudi kama ilivyotoka, shughuli inaanza. Ikirudi imeota mkia, inatoka tena.

Na mikia iliota, tusidanganyane. Kuna mwaka Bi Tunu alitangaza kwamba kuku watachanjwa Jumamosi. Habari ikarudi ikisema kuku watachukuliwa Jumamosi. Akaitoa tena mbio mbio, lakini wapi! Jioni ile Mapingoni nzima ilinukia mchuzi, na mchanjaji alipokuja na sindano zake alikuta manyoya. Watu walicheka mwaka mzima. Lakini hata kosa lile lilikuwa kosa la watu waliofika milangoni pa wenzao.

Basi miaka ikaenda. Minyaa ikang'olewa, kuta zikapanda, na juu ya kuta vikapandwa vigae vya chupa. Bi Tunu akastaafu yeye na goti lake. Akaja mwenyekiti mpya wa mtaa, Hatibu, kijana wa mle mle, mtoto wa Bi Mwasiti wa nyumba ya sitini. Kijana nadhifu, maneno hayampigi chenga. Akafungua grupu la wasapu, akaliita Mapingoni Yetu, akawaingiza wote: wenyeji, wapangaji, wenye nyumba wanaoishi mjini, hata mmoja aliyehamia Maskati.

"Mama zangu, hodi zimepitwa na wakati," alisema siku ya kulizindua. "Habari sasa itakufikia kabla hujamaliza kupiga chafya."

Na kufika, ilifika. Hilo hakuna wa kulipinga. Swali ni kama kuna aliyeipokea.

Alhamisi moja asubuhi Bi Tunu alikuwa anatoka sokoni. Akakuta wanaume wawili wanapigilia vigingi kuzunguka kisima.

"Wanangu, mnapima nini hapa?"

"Ghala, mama. Uwanja unapewa kampuni ya maghala. Kisima kinafukiwa."

"Kasema nani?"

"Nyinyi wenyewe. Mwenyekiti anayo karatasi."

Bi Tunu akautazama ule unyayo kwenye saruji. Kigingi kimoja kilikuwa kimesimama hatua mbili kutoka kwenye kisigino chake. Pale ndipo mtaa ulipochanjia watoto, ndipo ulipopanga foleni ya kura, ndipo sufuria kubwa la mtaa lilipoinjikwa kila harusi. Pale ndipo alipoweka redio yake ya mbao juu ya kigoda, saa ya matangazo ya vifo, mtaa mzima ukae kimya usikie kama kuna ndugu wa mtu. Hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisini na kapu lake la mchicha.

"Shikamoo, Bi Tunu," Hatibu alisimama.

"Marahaba. Uwanja umeutoa?"

"Mimi? Mimi ni nani hata nitoe uwanja?" Akamvutia kiti. "Halmashauri ilitaka maoni ya wakazi. Nimetangaza siku ishirini na moja, kama kanuni inavyosema. Kesho saa nne afisa anakuja kufunga jambo. Nusu ya nyumba na moja zikikataa, ghala linakufa. Hakuna iliyokataa, mama. Tena zimekubali."

Akamgeuzia karatasi. Majina, yamepangwa kwa namba, na mbele ya kila jina neno moja. Amina. Amina. Amina. Mia na themanini na saba.

Bi Tunu akavaa miwani. Akasoma tarehe, akaelewa. Ilikuwa siku aliyofariki Mzee Kahwili, fundi baiskeli, aliyeifundisha nusu ya mtaa kuendesha na kuizibia pancha nusu nyingine. Asubuhi ile Hatibu alituma tanzia kwenye grupu. Dakika mbili baadaye akatuma barua ya halmashauri. Watu wakaona karatasi ndefu yenye mhuri, wakadhani ni ratiba ya mazishi. Wakaitikia. Yule wa Maskati aliandika kabisa, "Ametangulia, sote njia ni hiyo." Anaambiwa ghala!

"Hatibu, watu walikuwa wanalia."

"Mimi siingii moyoni mwa mtu, mama. Nasoma kilichoandikwa." Akateremsha kidole taratibu kwenye orodha. "Tena tusiende mbali. Namba arobaini na moja."

*Bi Tunu: Amina. Mungu amlaze pema.*

Kapu likamtoka mkononi. Alikumbuka. Alikuwa anachagua mchele, mkono mmoja kwenye ungo, mwingine kwenye simu. Yeye, aliyewauliza watu miaka ishirini na sita wamesikia nini, alikuwa ameuombea uwanja wa mumewe mapumziko mema.

"Nifungulie hilo grupu niseme," alisema.

"Nimelifunga, wanaandika viongozi tu. Watu walizidi kuleta picha za paka." Hatibu akamwokotea mchicha wake. Adabu anayo, tumpe haki yake. "Ila kanuni ni kanuni. Kesho saa nne, nyumba thelathini na moja zikisimama hapa zikakataa, nitaandika mwenyewe kwa mkono wangu." Akatabasamu, tabasamu la kumpa bibi kizee pipi. "Sasa utazipata wapi, na goti hilo?"

Bi Tunu alirudi nyumbani, akakaa barazani kuitengeneza habari. Neno la kwanza lilikuwa ulimini tayari, linawasha: Hatibu katuuza. Akalionja. Lilikuwa tamu. Kisha akakumbuka nyumba ya sitini. Habari ingeishia kwa Bi Mwasiti, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mama angelazimika kulisimamisha jina la mwanawe mlangoni pa mtu na kulitamka.

Akalimeza. Habari ikabaki hivi: Uwanja wa kisima unafungwa. Tuliitikia Amina bila kusoma. Asiyetaka, kesho saa nne aje ofisini kwa miguu yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Leokadia, fundi cherehani. Alipoisikia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bi Tunu! Kurudisha habari, zama hizi? Si nitume sauti kwenye simu?"

"Kwenye simu tumeshasikia vya kutosha. Umesikia nini?"

"Haya. Uwanja wa kisima unafungwa. Tuliitikia Amina bila..." Kicheko kikakatika. "Hata mimi?"

"Hata mimi."

Leokadia akauvua utepe wa kupimia shingoni, akavaa ndala, akatoka.

Ilikuwa saa saba mchana. Bi Tunu akaketi kwenye kigoda mlangoni kungoja. Zamani alikuwa anaifuata habari kwa masikio. Mbwa wa nyumba ya kumi akibweka, alijua imefika pale. Mlango wa bati wa nyumba ya ishirini ukilia, alijua imevuka. Nyumba ya thelathini na tano palikuwa na bibi aliyepokea kila habari kwa kigelegele, hata ya kukatika maji. Sasa kuta zilikuwa zimeyala masauti yote. Saa tisa ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Akajua imefia wapi: kwenye lile geti jeusi la nyumba ya thelathini na nane, ambako hakuna mtu Mapingoni aliyejua hata jina la mwenyewe.

Jua lilipoanza kuegemea kuta, akasikia fimbo inagonga mawe.

Alikuwa Bi Mwasiti, amejifunga kanga mbili kama mtu aendaye shughulini. Mkono mmoja fimbo, mwingine umeshika mkono wa mwanamume mwenye simu, anayetembea kwa haraka iliyofungwa kamba. Hatibu.

"Hodi, Tunu!"

"Karibu, Mwasiti. Karibu, Hatibu."

"Shikamoo tena, mama," Hatibu alisema, jicho kwenye simu. "Utusamehe. Kanikamata nikiingia tu, eti lazima afikishwe kwako sasa hivi. Jambo lenyewe hata mimi kaninyima."

"Habari ya mtaa haisemwi njiani," Bi Mwasiti alisema. "Inasemwa mlangoni. Mtoto uliyelelewa mtaa huu unafundishwa hilo leo?"

Akaunyoosha mgongo, kama alivyokuwa akiunyoosha zamani. Akaisema, neno kwa neno. Uwanja wa kisima unafungwa. Tuliitikia Amina bila kusoma. Asiyetaka, kesho saa nne aje ofisini kwa miguu yake. Habari ilikuwa imepita midomo sitini, na mkia haukuota.

Simu ya Hatibu ikateremka polepole mpaka kwenye paja.

"Imerudi kama ilivyotoka," Bi Tunu alijibu, kama desturi.

"Ngoja kwanza. Mimi simu sina, wala hiyo Amina yenu sikuisema. Nauliza tu." Bi Mwasiti akageuza uso kule ilikotoka sauti ya mwenzake. "Ni nani aliyeichukua Amina ya marehemu akaifanya sahihi ya ghala?"

Hatibu alikuwa anatazama ndala za mama yake. Lile neno likapanda tena ulimini mwa Bi Tunu, tamu vile vile, na safari hii ameombwa kabisa aliseme.

"Ni sisi sote, Mwasiti," alisema. "Ya kwangu ni ya arobaini na moja."

Bi Mwasiti akatikisa kichwa. Mkono wake bado umeushika ule wa mwanawe.

"Hatibu," alisema kwa upole, "mbona kiganja chako kinatoka jasho?"

Hakurudia kuuliza. "Nirudishe nyumbani," alisema tu, na wakaenda, safari hii Hatibu akifuata mwendo wa fimbo.

Ijumaa, saa nne, zilisimama nyumba hamsini na tatu. Bi Mwasiti alikuwa wa kwanza. Mama mmoja alikuja amebeba kiti chake cha plastiki kichwani, watu wakamshangaa.

"Mimi ni wa geti jeusi," alisema. "Naitwa Eufrasia. Nimekaa hapa miaka minne, na ya jana ndiyo hodi ya kwanza kupigwa kwangu. Nilidhani mmekuja kunifukuza."

Afisa akaomba orodha. Kila mtu alikuwa anamtazama Hatibu. Karatasi yenye Amina mia na themanini na saba ilikuwa mezani, inatosha kumtetea mbele ya mahakama yoyote. Hakuigusa. Alichukua ile barua ya halmashauri, akatoka nayo nje, akaisoma kwa sauti yake tangu mstari wa kwanza mpaka mhuri.

"Mmesikia nini?" aliuliza.

Nyumba moja moja wakamjibu. Na yeye, kama alivyoahidi, akaandika kwa mkono wake: hamsini na tatu, zimekataa. Afisa akagonga mhuri juu yake, ghala likaishia pale. Vigingi viling'olewa mchana ule ule, isipokuwa kimoja, ambapo mbuzi wa Leokadia hufungwa hadi leo.

Watu walipoanza kutawanyika, Bi Mwasiti akapiga fimbo chini.

"Bado. Kuna mtu tulimpunja. Kahwili hakuombewa, dua yake ililiwa na ghala."

Wakarudi. Wakasimama kuzunguka kisima, karibu na unyayo wa Mbelwa, Bi Mwasiti akaomba dua fupi. Hapo ndipo Amina ilipotoka Mapingoni. Ilikuwa moja tu, na kila aliyeisema alijua anaitikia nini.

Funzo: Usiitikie usichokisoma, kwa maana Amina yako ni sahihi yako, na hata hii, ukimpelekea mtu, usiridhike na tiki mbili, mgongee mlango umuulize, "Umesikia nini?"