Wimbo wa Kufungia Siku

Ndugu zangu, palikuwa na mpiga zeze aliyekuwa na wimbo mmoja uliozipita nyimbo zake zote. Aliutunga ujanani kwa ajili ya Mungu: "Ukisimama wewe, milima huketi; mvua hubisha hodi kwako kabla ya kunyesha, ee Mwenyezi!" Mchana mzima alikaa langoni mwa soko akiwasifu wapita njia kwa nyimbo nyingine, za kawaida. Huu hakuuimba sokoni kamwe. Ulikuwa wa kufungia siku: aliuimba jioni kwake, mlango umefungwa, ndipo alipotundika zeze ukutani.

Asubuhi moja akamjia afisa wa manispaa, na nyuma yake mgambo wawili, maana zeze ni silaha hatari.

"Mzee, una kibali cha kelele?"

"Mheshimiwa, mimi sipigi kelele. Napiga zeze."

"Ndiyo hiyo kelele yenyewe. Kibali kinatolewa ofisini."

"Nimekwenda. Nimeambiwa anayekitoa yuko semina."

"Basi msubiri amalize semina. Zeze tunaondoka nalo."

Mgambo akanyoosha mkono. Jamani, mtu akibanwa kooni hutoa nini? Si hutoa kile bora alichonacho? Mzee wa watu akafumba macho, akaimba: "Ukisimama wewe, milima huketi, mvua hubisha hodi kwako kabla ya kunyesha, ee Bwana Afisa!"

Afisa akaweka tai yake sawa. Akatazama mawingu, kama anayehakikisha kwamba mvua ina adabu.

"Sheria inakataza kelele," akasema. "Haikukataza ukweli." Akaondoka na mgambo wake.

Lakini kilichokwisha kutoka, hakirudi ndani. Saa sita mwenye bucha akautaka wimbo ule ule, akaimbiwa. Alasiri akaimbiwa mgombea udiwani, naye akaomba urudiwe. Afisa alipopita tena akasikia, akashika kiuno.

"Mzee! Wimbo wangu unampa huyu?"

"Nimemwazima tu, mheshimiwa. Kesho asubuhi utaukuta."

Jioni akarudi kwake, akafunga mlango, akaketi, akavuta upinde. "Ukisimama wewe, milima huketi, mvua hubisha hodi kwako kabla ya kunyesha, ee..."

Mdomo ukasema, "Bwana Afisa."

Akasonya. Akaanza upya, taratibu. Mdomo ukamtaja mwenye bucha. Akaanza tena, na alipofika kwenye ile "ee" akanyamaza, akalingoja jina lenyewe lije. Halikuja. Akabaki amelipakata zeze lake, zima, halina hata mkwaruzo. Manispaa haikuchukua kitu.

Mnacheka? Haya, chekeni kidogo, kisha mniambie: Jumatatu ofisini, ni nani tunayemwambia, "Bila wewe nisingefika popote"? Ni nani tunayemwinamia mpaka mgongo unauma, kwa hofu ya kupoteza kajikona ketu langoni? Tunadhani tumemwazima tu. Kisha tunakuja hapa, mikono juu, na wimbo ule ule uliokwisha kuzunguka mji mzima.

Kwaya inasimama sasa. Nasi tusimame. Tukifika mahali pa jina, tusikimbie. Kila mmoja ausikilize kwanza mdomo wake, unataka kumtaja nani.