Divai ya Burgundi Kabatini kwa Mbonea

Senkondo alikuwa amesimama juu ya kiti shemeji yake, Mbonea, alipomkuta, mbele ya wageni wote, amekumbatia chupa ya divai nyekundu kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mbonea alikuwa ameinunua Ulaya, jimbo la Burgundi huko Ufaransa, akamwahidi mama yake, Bi Nakundwa, kwamba ataionja. Tangu hapo, kila penye sherehe chupa ilionyeshwa, ikarudi kabatini, na mama akapewa soda. Leo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama huyo, na soda ilikuwa mezani.

"Rudisha!" Mbonea alifoka. "Hiyo ni Burgundi! Ukoo mmoja unaitengeneza tangu enzi za babu wa babu zao. Wewe utaijulia wapi?"

"Huko nimekaa, shemeji. Watu wakarimu, na ngoma wanajua kuzipiga. Nilikuwa naikagua tu, maana siku hizi bandia zimejaa."

Wageni wakaguna.

"Yangu bandia?"

"Sijasema hivyo. Ila ningekuwa wewe, ningeifungia kabatini nikanyamaza."

Mbonea akaagiza kizibuo, kikaletwa mbio. Bi Nakundwa akamiminiwa wa kwanza. Akanywa, akafumba macho, akanyoosha glasi tena, na chupa ikazungushwa kwa wageni. Senkondo naye akaonja polepole, watu wote wakimkodolea macho.

"Halisi," akatangaza. "Niwie radhi, shemeji."

Mbonea akashusha pumzi, akacheka kwa fahari, mpaka alipoona chupa imebaki tupu.

"Hebu niambie, huko Burgundi ulikaa mji gani?"

"Bujumbura."