Feruzi Hamali na Feruzi Kinyozi

Palikuwa na liwali aliyeitwa Mundhir bin Khalfan, ambaye mwanzoni mwa mfungo mosi alitoa amri: kila kazi italipiwa kodi reali moja kwa mwezi, na kazi ya pili italipiwa mara mbili. Sababu ilisomwa sokoni. Mwenye kazi mbili, ilisema, ameshiba.

Katika mji huo alikuwapo Feruzi. Miaka tisa alibeba magunia kwenye ghala la forodha. Wiki moja baada ya amri mgongo wake uligoma. Akaacha uhamali, akanunua wembe na kigoda, akawa kinyozi karibu na soko la samaki. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mdomo ulikuwa mwepesi zaidi.

Mwezi uliofuata alikuja karani wa kodi, Sudi, na kitabu kwapani.

"Mstari wa kumi na nne, Feruzi hamali, reali moja," akasoma. "Mstari wa tisini na moja, Feruzi kinyozi, reali mbili."

"Hamali aliacha kazi, Bwana Karani. Mgongo wake unakusalimu."

"Kitabuni hajaacha."

"Basi mfute."

"Kitabu cha Liwali hakifutwi hivi hivi. Lete cheti cha kuacha kazi kutoka ghalani."

Feruzi akaenda ghalani. Bawabu akamzuia: hapiti mtu pale asiye na gunia begani. Feruzi akaazima gunia la pumba, akalibeba, akapita. Msimamizi wa mahamali alimtazama juu mpaka chini.

"Unataka cheti kwamba umeacha uhamali?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hilo begani ni nini?"

Cheti hakukipata. Alirudi kwa karani, akamweleza. Karani hakucheka. Alipokea reali mbili za kinyozi, ambazo ndizo zote Feruzi alizokuwa nazo, akaziandika. Kisha akasema hamali ana muda mpaka Alhamisi. Asipolipa, atafungwa mpaka alipe.

"Akiwa ndani atalipa kwa kazi gani?" Feruzi akauliza.

"Hilo kitabu hakiulizi."

Alhamisi hiyo Liwali alikuwa anaoa mke wa nne. Bwana harusi sharti anyolewe kabla ya kwenda kwa bibi harusi. Mji ulikuwa na vinyozi watatu. Wawili walihama baada ya amri ya kodi. Akaitwa Feruzi.

Wageni walikaa barazani na matari yao. Ndani, Feruzi alimpaka Liwali sabuni kichwa kizima, akaanza kunyoa upande wa kulia, tangu kwenye paji mpaka kisogoni. Alipomaliza upande huo, Karani Sudi aliingia na askari wawili.

"Kuna mdaiwa, Seyyid," karani akasema. "Hamali mmoja anaitwa Feruzi. Reali moja."

"Yuko wapi?"

"Anakunyoa."

"Mimi nilidhani ananinyoa kinyozi."

"Huyo naye yupo, Seyyid. Huyo amelipa."

Liwali akacheka. Alikuwa katika furaha ya harusi.

"Feruzi, mbona hulipi?"

"Mimi nimelipa, Seyyid. Anayedaiwa ni hamali."

"Hamali si wewe?"

"Kabla ya kuja kitabu chako nilidhani hivyo. Sasa mstari wa kumi na nne una mtu, na wa tisini na moja una mtu, na kila mmoja ana kodi yake. Kitabu kimeona watu wawili. Mimi nani hata nibishane nacho?"

"Ulimi wako mkali kuliko huo wembe."

"Wembe naunoa mwenyewe, Seyyid. Ulimi ananinolea karani wako."

Liwali hakucheka tena.

"Kitabu changu hakikosei," akasema. "Kikisema wawili, ni wawili. Askari, mkamateni hamali mumtie ndani."

Askari wakamshika Feruzi, huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto. Wembe ukatumbukia kwenye bakuli.

"Na kinyozi?" Feruzi akauliza.

"Kinyozi ana kazi hapa."

"Ahsante, Seyyid. Jamani mmesikia. Mchukueni hamali, mniache mimi."

Askari wa kulia akaachia. Wa kushoto akashikilia. Wakatazamana.

Nje matari yakaanza. Mtu akabisha mlango, akasema watu wa bibi harusi wamefika na wanauliza. Liwali akajipapasa kichwa. Upande mmoja kiganja kiliteleza. Upande wa pili kikakwama.

"Mwachieni amalize," akasema.

"Amalize nani, Seyyid?"

"Kinyozi."

"Na hamali awe gerezani?"

"Na hamali awe gerezani."

"Basi na atangulie. Nikimwona ametoka mlango ule, nami naendelea."

Feruzi akatazama mlango. Askari wakatazama mlango. Hata karani akatazama. Hakutoka mtu.

"Mpumbavu wewe," Liwali akasema. "Atatokaje? Hamali na kinyozi ni mtu mmoja, huyo huyo aliyesimama mbele yangu, namwona kwa macho yangu mawili."

Askari wa kushoto akaachia mkono. Feruzi akautoa wembe kwenye bakuli, akaufuta, akamgeukia karani.

"Bwana Karani, Seyyid ameona mtu mmoja. Kitabu kimeona wawili. Andika unalotaka: kitabu kimekosea, au Liwali haoni. Ila fanya upesi, sabuni inakauka."